Mbolea ibaki shambani: shajara ya mradi wetu wa Mlali, kiangazi hadi masika

Septemba

Mkutano mkuu wa kijiji umeupitisha mradi. Kuanzia sasa shajara hii itaandikwa kila panapokuwa na jambo la kuandika. Tunataka mbolea inayowekwa kwenye mashamba ya nyanya, kabichi na hoho katika bonde la Mlali ilishe mimea, isiteremke na maji ya mvua hadi Bwawa la Mindu.

Bwawa la Mindu lilijengwa miaka ya 1980 kwenye mto Ngerengere, na sehemu kubwa ya wakazi wa Morogoro mjini wanakunywa maji yake. Mito inayoliingia ni Ngerengere wenyewe, Mlali, Mgera, Lukulunge na Mzinga. Yakitoka bwawani, maji hayo hupita mjini na kwenda kuungana na Ruvu, mto ambao Dar es Salaam na Pwani wanautegemea. Sisi tuko juu ya watu wengi sana.

Mbolea ikifika kwenye maji yaliyotuama inaendelea na kazi yake ya kuotesha, ila huko inaotesha mwani na magugu maji. Mwani ukijaa, maji yanageuka kijani na kutoa uvundo. Ukifa unazama na kuoza, na kuoza huko kunamaliza oksijeni ya samaki. Kuna jamii nyingine, sianobakteria (bakteria wanaofanana na mwani), ambazo baadhi yake hutoa sumu inayodhuru ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji. Ghuba ya Winam kule Kisumu inasumbuliwa na mwani na magugu maji kwa miaka mingi. Agosti 2014 wakazi zaidi ya 400,000 wa Toledo na vitongoji vyake, Marekani, waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu sumu ya mwani ilikuwa imeingia kwenye maji kutoka Ziwa Erie, na fosforasi inayootesha mwani huo inatoka zaidi mashambani. Ile ilikuwa nchi yenye mitambo na fedha. Sisi tuna nafasi ya kuzuia kabla, na mimi naamini inawezekana.

Naandika hesabu moja hapa kwa sababu ndiyo iliyowafanya wajumbe wa serikali ya kijiji wanyamaze na kusikiliza. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, una naitrojeni kilo 9 na fosforasi kama kilo 10. (Ile namba 46 kwenye mfuko ni kipimo cha oksidi yake, si fosforasi tupu.) Mfuko wa urea, mbolea ya kukuzia, una naitrojeni kilo 23. Ziwa au bwawa huhesabiwa kuwa limerutubika kupita kiasi fosforasi inapozidi wastani wa mikrogramu 35 kwa lita. Kilo moja ya fosforasi inatosha kufikisha kiwango hicho kwenye lita zaidi ya milioni 28 za maji. Na kilo moja hiyo imo ndani ya kilo 5 tu za DAP.

Mkulima akipoteza kilo 5 kwenye mfuko wa 50, nyanya zake zitazaa vizuri tu na hatajua kama kuna kilichopotea. Kwa hiyo hakuna anayetuharibia mto kwa makusudi, na tumekubaliana kwamba katika mradi huu hakuna atakayeitwa mharibifu.

Septemba, mwishoni

Tumetembea kando ya mto pamoja na bibi shamba wetu, yaani afisa ugani, tukiwa na daftari na mambo. Mambo ni vigingi vya mianzi. Tulivipiga kila tulipoona dalili kwamba maji ya shamba huingilia mtoni. Kiangazi ni wakati mzuri wa kuziona dalili hizi kwa sababu mvua zilizopita zimeacha alama zake: vijifereji vilivyokauka, mkono wa mchanga uliolala juu ya majani, mizizi iliyobaki wazi kwenye ukingo.

Nilitarajia kuona ukingo mzima umechoka. Haikuwa hivyo. Sehemu ndefu za ukingo ziko salama, zina matete na nyasi, na shamba lililo nyuma yake ni tambarare kiasi kwamba maji hukaa na kunywea. Maji yanaingilia kwenye midomo michache: pembe ya chini ya shamba, njia ya ng'ombe kwenda kunywa, mfereji wa umwagiliaji unaoishia wazi, na pale ambapo matuta yamechorwa kufuata mteremko badala ya kuukata. Pembe moja ya shamba la nyanya ilikuwa na mfereji ambao mtu mzima anaweza kusimama ndani yake hadi magotini, na umechimbwa na maji matupu.

Jingine tuliloliona ni sehemu za pampu. Pale vijana wanapotega pampu za petroli kuvuta maji, ndipo pia wanapoyeyushia urea kwenye pipa, wanaposuuzia bomba la mgongoni na kuoshea mifuko ya mbolea ili iuzwe au itumike tena. Mbolea ya pale haihitaji hata mvua, iko mtoni tayari. Hapo kazi ni nyepesi kuliko zote: sogeza pipa na uoshaji mbali na mto, maji machafu yamwagwe kwenye migomba. Tumezungumza na vijana palepale na wengi wao wamesogea siku hiyohiyo.

Uamuzi wa timu: hatutasambaza nguvu bonde zima. Tutaanza na midomo hii.

Oktoba, mkutano wa vitongoji

Suala la mita 60 liliibuka mapema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Watu wanaijua. Lakini eneo hilo la mita 60 ndilo lenye udongo mweusi na ndilo pampu ndogo inalolifikia, na kuna familia ambazo shamba lao lote liko humo. Diwani alisema sheria ipo na itabaki. Mama mmoja akauliza: kama leo akiacha kulima, watoto watakula nini kabla sheria haijawafikia na wale wenye ekari nyingi? Swali hilo halikujibiwa kikamilifu, na sitaki kuandika kana kwamba lilijibiwa. Tulichokubaliana ni kuanza na ukanda wa kwanza kutoka ukingoni: usiguswe na jembe, uoteshwe majani ya malisho, ili mwenye shamba aendelee kupata kitu kutoka kwenye ardhi yake.

Kisha neno matuta likatajwa, na mkutano ukabadilika. Mzee mmoja, ambaye wote tulimpa shikamoo alipoingia, alisimama akaegemea fimbo yake. Alikuwa mtoto wakati wa mkoloni alipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1955 watu wa upande wa Matombo waligoma, polisi wakaitwa, na mtu akapigwa risasi akafa. Mpango ukavunjika. Mzee alisema: “Walitufukulisha udongo mwekundu wa chini wakaufukia ule mweusi wa juu. Mahindi yakawa ya njano. Halafu wakatuita wavivu.”

Nimeona niyaandike maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu ni elimu ya udongo kamili. Matuta ya ngazi kwenye udongo wenye tabaka jembamba la rutuba yanaufunua udongo usiozaa, na bila samadi nyingi miaka ya kwanza ni ya njaa. Upande wa Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, ambako kuna mboga na maji ya kumwagilia, matuta ya ngazi yalidumu na wakulima wanayatumia hadi leo, maana kabichi ilirudisha nguvu iliyotumika. Kwa mahindi ya kula nyumbani hayakulipa.

Basi hatutachimba ngazi. Tutapanda mistari ya majani kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaoukata mteremko, na kuacha mvua ijenge tuta yenyewe polepole, udongo ukikusanyika nyuma ya majani mwaka hadi mwaka. Mzee aliuliza nani atalazimishwa. Mwenyekiti akajibu kuwa hakuna. Mzee akakaa.

Oktoba, mashambani

Kazi ya kupima kontua imekuwa ya furaha kuliko nilivyofikiri. Tunatumia fremu ya A: miti miwili ya urefu sawa iliyofungwa juu kama herufi yenyewe, mti wa tatu umekatiza katikati, na kutoka kileleni inaning'inia kamba yenye jiwe. Kwanza unaisimamisha popote, unaweka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Unaigeuza, miguu ibadilishane nafasi, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo unatembea nayo shambani mguu mmoja baada ya mwingine, ukitafuta mahali ambapo kamba inatulia kwenye alama ya katikati, na kila hatua mwenzako anapiga kigingi. Mstari unaotoka haunyooki hata kidogo, unajipinda na kilima. Wengi walitaka kuunyoosha ili shamba lipendeze. Bibi shamba aliwamwagia maji ndoo nzima nyuma ya kigingi kimoja, wakaona maji yanavyotandaa pande zote mbili bila kukimbia. Ubishi ukaisha.

Kuhusu majani tulichagua hivi. Ukingoni mwa mto, mabingobingo na guatemala, kwa sababu yanakua haraka na mifugo inayapenda. Ndani ya shamba, karibu na mazao, tunapanda vetiva: mizizi yake inazama wima, haitambai, na haisambai kwa mbegu. Mabingobingo karibu na nyanya yananyonya maji na kutia kivuli, na mkulima akiona mstari wa kwanza wa nyanya umedumaa atayang'oa, na atakuwa na haki.

Vetiva inapandwa karibu karibu, shina hadi shina kiganja kimoja au pungufu. Pengo moja likiachwa, maji yote ya mstari yataelekea hapo. Akina mama wa kitongoji cha juu ndio waliokuwa makini zaidi kwa hili; wanaangalia mstari wakichuchumaa, macho yakiwa usawa wa ardhi.

Novemba, vuli imeanza

Mvua ya kwanza nzito imenyesha usiku. Asubuhi na mapema, mto ukiwa bado unanguruma, tulichota maji kwenye midomo miwili iliyo upande mmoja wa mto, mmoja wenye ukanda wa majani na mwingine bila, tukayatia kwenye chupa za lita moja na kuzipanga kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Mwanzoni zote zilikuwa nyekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Kufikia jioni ile iliyotoka mdomo usio na majani ilikuwa na tope la unene wa vidole viwili chini, laini, unaloweza kulikata kwa kijiti. Ile nyingine ilikuwa na tandiko jembamba tu la kahawia, na maji ya juu yalikuwa yameanza kupitisha mwanga. Watu waliokuja kugongesha mihuri walisimama kuzitazama. Chupa zile zimefanya kazi kuliko mabango yote tuliyotundika.

Hilo tope ndilo linalobeba fosforasi. Kwenye udongo wetu mwekundu wenye chuma nyingi, fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo na husafiri nazo. Ukizuia udongo umezuia sehemu kubwa yake. Naitrojeni ina tabia nyingine: ikishageuka naitreti huyeyuka kabisa, hupita katikati ya majani, na huzama chini hadi kwenye maji ya ardhini. Chupa ikiwa safi kwa macho bado inaweza kuwa nayo. Kwa hiyo majani peke yake hayatoshi, na sehemu ya pili ya mradi inahusu namna na wakati wa kuweka mbolea.

Tunayofundisha ni haya. DAP ya kupandia iwekwe kwenye shimo, kifuniko kimoja cha soda, ambacho ni kama gramu 5, ifukiwe kidogo kabla ya kuweka mche. Urea ya kukuzia igawanywe mara kadhaa kwa kiasi kidogo, iwekwe pembeni ya shina na kufunikwa kwa udongo; ikiachwa juu, sehemu yake hupaa hewani kama gesi ya amonia, na sehemu husombwa. Na isiwekwe kamwe siku ambayo mvua kubwa inatarajiwa. Dada anayetunza kundi letu la WhatsApp hutuma kila jioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na chini yake neno moja: “weka” au “subiri”.

Kuna wanaosema mvua ndiyo inayoyeyusha mbolea, kwa hiyo ni vizuri kuiweka kabla yake. Wako sahihi kwa manyunyu. Mvua ya masika inayopiga ardhi iliyolimwa jana inaichukua mbolea kabla mzizi haujaipata.

Tangu ruzuku ya mbolea ilipoanza msimu wa 2022/23, wakulima wadogo wengi wanaweza kununua mifuko ambayo zamani ilikuwa ndoto. Nalifurahia hilo kwa moyo wote. Shamba lisilo na mbolea lina matatizo yake kwa mto pia, maana mazao dhaifu hayafuniki ardhi na mmomonyoko unazidi.

Desemba

Tumepeleka sampuli za udongo maabara mjini. Mashamba mengine yamewekewa DAP kila msimu kwa miaka na fosforasi imeshakusanyika kuliko mmea unavyohitaji. Wenye mashamba hayo wameshauriwa wapumzishe DAP, watumie samadi iliyoiva na naitrojeni kidogo. Mkulima mmoja aliposikia kwamba anaweza kuacha mfuko mzima dukani bila kupunguza mavuno aliomba aandikiwe kwenye karatasi ili amwonyeshe mkewe.

Vijana wa sekondari wanaotusaidia kupima waliuliza kwa nini tunahangaika na fosforasi kuliko naitrojeni. Niliwasimulia jaribio la mwanasayansi David Schindler katika ziwa dogo namba 226 huko Ontario, Kanada, mwaka 1973. Ziwa hilo lina umbo la namba nane. Walilikata kiunoni kwa pazia la plastiki, wakatia kaboni na naitrojeni pande zote mbili, na fosforasi upande mmoja tu. Upande ule ukageuka kijani wote, wa pili ukabaki na maji yake ya kawaida. Baadhi ya sianobakteria wanaweza kuchukua naitrojeni hewani, lakini fosforasi haipo hewani kwa namna hiyo, wakiikosa wanakwama. Binti mmoja akaniuliza: kwa hiyo sisi ndio wenye pazia? Nilimwambia ndiyo.

Januari

Huu ndio mwezi ulionifundisha mradi wetu unahusu nini hasa.

Tulipolinganisha midomo mibaya na majina kwenye daftari la kitongoji, tuliona kwamba mashamba mengi yenye midomo hiyo hayalimwi na wenyewe. Yanakodishwa kwa msimu. Anayekodi ni kijana mwenye mtaji wa miezi michache, mara nyingi fedha ya kukopa kwa dalali, na anahitaji matenga ya kutosha kabla bei haijaanguka. Anamwaga mbolea nyingi kwa sababu hana msimu wa pili wa kurekebisha. Hapandi majani kwa sababu majani yatakapokomaa yeye hayupo. Semina hata ziwe nyingi vipi haziwezi kubadili hesabu hiyo.

Nikamfuata mmoja wa wenye mashamba, bibi mwenye shamba zuri kando ya mto alilolirithi upande wa mama yake, kama ilivyo desturi kwa Waluguru. Nilidhani atafurahi kusikia tunataka mpangaji wake apande vetiva. Alikataa moja kwa moja. “Mwanangu, mtu akishapanda kitu kisichong'oka kwenye shamba lako, kesho atasema shamba ni lake. Mimi sina mume wa kunisemea, na wajomba wamekufa. Alime nyanya zake avune aondoke.”

Ana sababu. Mti au jani la kudumu ni alama ya umiliki kwetu, na kesi za namna hiyo zipo. Bibi huyu anailinda ardhi ya wajukuu zake, na mradi wowote unaopita juu ya hofu yake haustahili kufanikiwa.

Tulikaa na mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji, bibi mwenyewe na wanaokodi, tukaandika mkataba wa ukurasa mmoja wa kukodi shamba. Unasema hivi: majani yaliyo kwenye mistari na ukingoni ni mali ya mwenye shamba, na yamepandwa kwa amri yake. Anayekodi ana haki ya kuyakata kwa malisho katika muda wake wote wa kukodi. Matuta ya nyanya yakate mteremko. Hakuna kulima ukanda wa ukingo wala kuyeyushia mbolea mtoni. Anayetimiza hayo anapunguziwa kodi ya msimu unaofuata na anapewa nafasi ya kwanza ya kukodi tena. Mashahidi wanatia sahihi, nakala inabaki ofisini.

Nafasi ya kwanza ya kukodi tena ndiyo iliyowavutia vijana kuliko punguzo. Mmoja alisema wazi kwamba akijua yuko hapa misimu mitatu, hata samadi atanunua. Bibi alisoma mkataba kupitia kwa mjukuu wake, mara mbili, akaomba neno “kwa amri yake” lisogezwe mwanzo wa sentensi. Tukalisogeza. Akaweka dole gumba.

Februari

Kantangaze amepiga vibaya. Yule mdudu wa nyanya amekausha mashamba kadhaa katikati ya kiangazi kifupi, na wakulima wameyaacha kama yalivyo. Naandika hili kwenye shajara ya mbolea kwa sababu shamba lililotelekezwa limejaa DAP na urea ambazo hazina tena mzizi wa kuzinywa. Masika yakija yote yatashuka. Tumewahimiza wenye mashamba hayo wang'oe mabaki yenye wadudu na kusia haraka mahindi au maharage, hata kama si ya kuuza, ili kuwe na mizizi ardhini mvua zitakapoanza. Wengi wamekubali mahindi. Huzuni yao ni kubwa na mikopo inasubiri. Tumezungumza zaidi kuhusu mikopo kuliko kuhusu mto, na ilikuwa sawa.

Februari ni mwezi wa kukumbukwa upande wa Mgeta pia. Mwaka 1970 mvua ya saa chache iliangusha maporomoko ya ardhi zaidi ya elfu moja, karibu yote kwenye mashamba na maeneo ya nyasi, msituni karibu hakuna. Mizizi mirefu ina kazi yake, na mistari yetu ya majani haiwezi kuchukua nafasi ya miti kwenye miteremko mikali ya juu.

Aprili, masika

Mvua zimenyesha mfululizo. Ukanda wa ukingo umesimama vizuri mahali pengi. Mabingobingo yamelala yakainuka, na nyuma yake udongo umejikusanya hadi unaona ngazi ndogo ikianza.

Mahali pamoja umepasuka. Kalvati ya barabara inamwaga maji yote ya upande wa juu kwenye shamba moja, na mkondo huo ulikata ukanda wa majani kana kwamba haupo. Ukanda wa majani hufanya kazi maji yanapokuja yametandaa. Yakija yamekusanyika katika mkondo mmoja yanaupita. Tumeandika barua kwa wahusika wa barabara, na wakati tunasubiri tumechimba shimo la kutegea maji chini ya kalvati, tukajenga vizuizi vya mawe kwenye mfereji, kila kimoja mdomo wake ukiwa chini katikati ili maji yasipite pembeni na kubomoa kingo. Mvua iliyofuata shimo lilijaa tope. Wenye shamba walilizoa wakalirudisha kwenye matuta ya migomba, nalo lilikuwa jeusi, zito, lenye mabaki ya mbolea ya watu wote wa juu.

Majani yamekatwa mara ya kwanza. Hili ni lazima na wala si hiari: majani yamekula fosforasi na naitrojeni, na yasipokatwa na kuondolewa huoza hapohapo na kuirudisha mtoni. Mbuzi wa maziwa, ambao Mgeta wamewafuga tangu miaka ya 1980, wamesaidia sana hapa. Wafugaji wa juu wanashuka na kununua mizigo ya mabingobingo, majani yanapanda na samadi inashuka kwa bodaboda ileile, na bibi yule wa mkataba sasa anauza majani yake kila wiki.

Mei

Vipimo vya vijana, kwa vijiti vya kupima naitreti na bomba la kupima uchafu wa maji, vinaonyesha hivi: tope limepungua waziwazi kwenye midomo yote iliyopandwa majani, isipokuwa ile ya kalvati. Naitreti haijapungua kwa namna ambayo naweza kusimama nayo mbele ya watu. Baadhi yake ni ya misimu ya nyuma, iko kwenye maji ya ardhini na itaendelea kutoka polepole kwa muda. Nimeliandika hivyohivyo kwenye taarifa kwa Jumuiya ya Watumia Maji na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, bila kulipamba.

Mikataba ya kukodi imeombwa na vitongoji viwili jirani. Mtendaji anataka iingie kwenye sheria ndogo za kijiji. Mimi napendelea ikae msimu mmoja zaidi kama makubaliano ya hiari, na sababu yangu ni yale aliyosema mzee mwezi wa kumi. Tutaamua kwenye mkutano wa Juni.

Kazi zilizo mbele: kukata vipando vya vetiva kwenye kitalu kabla ardhi haijakauka, kupima mashamba ya kabichi ya juu ambayo hatukuyafikia, kufuatilia barua ya kalvati, na kutafuta fedha za nauli ya vijana wa kupima, ambao wamefanya kazi hii yote kwa miguu. Bibi ametuma ujumbe kwamba mpangaji wake amerudi kukodi tena, na anaomba nakala mpya ya karatasi.